Magome ya Msokonoi: Jinsi Dawa ya Miti Inavyopimwa

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima: Historia na Afya

Kaeni vizuri, na mwenye kalamu aiweke tayari. Maneno mapya yameandikwa mwisho wa somo, pamoja na maswali ya kuzungumza katika kikundi. Usiogope neno gumu. Likikupita, endelea kusoma. Maana yake itakuja yenyewe.

Leo tunaanza na swali. Katika nyumba nyingi za nchi zetu kuna kipande cha gome la mti kilichofungwa katika kitambaa na kuwekwa mahali salama. Mtoto akikohoa, bibi hukitoa, akakitwanga, akachemsha maji, akamnywesha. Je, gome hilo linaponya?

Wako watakaojibu mara moja: "Linaponya, kwa kuwa wazee walilitumia." Wako wengine watakaojibu mara moja vile vile: "Haliponyi, hayo ni mambo ya watu wasiosoma." Majibu haya mawili yanapingana, lakini kosa lao ni moja. Yule wa kwanza hakupima, na huyu wa pili naye hakupima. Somo letu ni historia ya watu waliokubali kupima, na ya mti mmoja wa kwetu ambao magome yake yamepimwa.

1. Magome yaliyobadili dunia

Kwanza tutazame mbali kidogo. Katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, unaota mti tunaouita mkwinini. Katika karne ya 17 mapadre wa shirika la Yesu walipeleka magome yake Ulaya, nayo yakajulikana kuwa dawa ya homa ya vipindi, yaani malaria. Magome yale yalikuwa na sifa kubwa, lakini yalikuwa na taabu moja. Gome la mti huu lilikuwa kali, la mti ule hafifu. Mgonjwa mmoja alipona, mwingine alikunywa kiasi kile kile asipone. Nani angejua sababu?

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutoa ndani ya gome kitu chenyewe kinachotenda kazi. Wakakiita kwinini. Tangu siku hizo daktari aliweza kupima uzito wa dawa badala ya kukisia kwa kiganja cha unga wa gome. Jambo hili lilifika hata kwetu. Wajeremani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na mikwinini ilipandwa huko. Katika Vita Kuu ya Kwanza, njia za bahari zilipofungwa, Amani ilitengeneza kwinini ya askari wa Kijeremani kutokana na magome hayo.

Gome la pili ni la mti wa Ulaya unaopenda kuota penye maji. Mwaka 1763 padre mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliandikia chama cha wataalamu cha London kuhusu gome la mti huo. Alikuwa amelikausha karibu na tanuri ya mwoka mikate kwa zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 waliokuwa na homa. Akasema limewafaa.

Sasa fikiri pamoja nami. Bwana Stone aliuchagua mti ule kwa sababu gani? Ladha yake ni chungu kama ya mkwinini, tena unaota penye majimaji, nako kwenye majimaji ndiko homa ilikozidi. Aliona kwamba dawa huwekwa karibu na maradhi. Sababu hiyo haikuwa sawa. Lakini gome lile kweli hupunguza homa na maumivu, na kutokana na elimu yake ilipatikana baadaye aspirini, mwaka 1897. Hata hivyo haliui vijidudu vya malaria. Basi tazama: mtu aweza kutoa sababu isiyo sawa, akapata dawa yenye faida, wala asijue dawa hiyo inafanya nini hasa. Kumwona mgonjwa amepata nafuu ni jambo moja. Kujua nafuu imetoka wapi ni jambo la pili.

2. Vijidudu vyapata kisahani

Watu walikuwa wakiugua na kufa tangu zamani bila kujua kwamba maradhi mengi huletwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Katika miaka ya 1670 Mholanzi mmoja, mfanya biashara ya vitambaa, Antoni van Leeuwenhoek, aliwaona viumbe hao kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe. Lakini ilipita miaka 200 kabla ya Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujeremani kuonyesha wazi kwamba viumbe hao ndio wanaoleta maradhi. Mwaka 1882 Koch alitangaza kwamba amemwona kijidudu wa kifua kikuu. Vijidudu wa namna hii huitwa bakteria.

Ili kumjua kijidudu ni lazima umfuge, kama unavyofuga kuku ili ujue tabia zake. Utamfugia wapi? Koch alijaribu juu ya vipande vya viazi. Akajaribu juu ya gelatini, yaani uji mgumu unaotokana na mifupa na ngozi, lakini gelatini iliyeyuka kwa joto, na vijidudu wengine waliila. Shauri lilitoka jikoni. Mwaka 1881 mama mmoja, Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe katika kazi hizo, alisema wajaribu agari, kitu kinachotokana na mwani wa baharini, ambacho alikuwa akigandishia vyakula vyake. Agari haikuyeyuka kwa joto la kufugia vijidudu. Mpaka leo maabara za dunia nzima hutumia agari. (Wasikilizaji wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba huo ndio mwani wanaoulima wao. Ule wao hutoa uji wa namna nyingine, uitwao karagini.) Mwaka 1887 msaidizi wa Koch, Julius Petri, akaongeza kisahani chenye kifuniko, ili vumbi lisiingie. Kisahani hicho kinaitwa kwa jina lake.

Mwezi wa Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta kisahani chake kimoja kimeingiwa na ukungu, kama ule wa mkate uliokaa. Karibu na ukungu ule bakteria walikuwa wametoweka. Fleming akauliza kwa nini, na jibu la swali hilo ni penisilini.

Lakini sikiliza jambo lililotokea Oxford, Uingereza, tarehe 25 Mei 1940. Howard Florey na wenzake waliwachukua panya wanane, wakawatia wote bakteria wa hatari. Panya wanne wakapewa penisilini. Wanne hawakupewa kitu. Kulipopambazuka, wale wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, na waliopewa walikuwa hai. Kwa nini wasingewapa wote wanane? Kwa sababu, kama wote wanane wangalipewa na wote wakapona, mtu angeweza kusema: "Huenda wangalipona bila ya dawa." Wale wanne wasiopewa dawa ndio waliolifunga swali hilo. Mzee Stone wa mwaka 1763 hakuwa na kundi la namna hiyo. Liweke jambo hili moyoni, tutalirudia.

Katika kazi hiyo ya Oxford, Norman Heatley alibuni njia ya kupima nguvu ya dawa. Alisimamisha vijineli vidogo juu ya agari yenye bakteria, akatia dawa ndani yake. Dawa ilienea kidogo kidogo ndani ya agari na kuacha duara tupu, pasipo na kijidudu. Akapima upana wa duara. Mwaka 1943 mtaalamu mwingine wa Oxford, E. M. Osborn, alitangaza matokeo ya kupima mimea kama 2,300 kwa njia za namna hiyo. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi walianza kuuliza juu ya miti yao wenyewe. Na sisi pia.

3. Mti wetu

Sasa turudi nyumbani. Mti tunaouzungumzia huitwa msokonoi. Wamaasai huuita osokonoi, na Wakikuyu mũthiga. Wataalamu wa mimea huuita Warburgia, kwa heshima ya Mjeremani mmoja, Otto Warburg. Jamaa yake ni wachache, na wote ni wa Afrika. Mmoja huota katika misitu ya bara: Kenya, Uganda, Tanzania, Kongo na Ethiopia. Mwingine huota karibu na pwani yetu. Wa tatu yuko kusini, Afrika Kusini, Eswatini, Msumbiji na Zimbabwe, na Wazulu humwita isibhaha.

Msokonoi hauachi majani yake mwaka mzima. Gome lake kwa nje ni la kahawia iliyoiva, lenye magamba. Ulionje kidogo tu: kwanza chungu, kisha moto, moto hasa, kama pilipili manga. Wamaasai, Wakikuyu na watu wengine wengi hulitafuna kwa maumivu ya meno, na hulichemsha kwa kikohozi, kifua na tumbo. Watu wa makabila yasiyojuana, wenye lugha mbalimbali, toka Ethiopia mpaka nchi ya Wazulu, wameuchagua mti wa namna moja kwa maradhi yanayofanana. Hilo si ushahidi wa mwisho, lakini ni dalili inayostahili kufuatwa. Mwindaji haoni mnyama kwanza, huona nyayo.

Ajabu ni kwamba habari kubwa ya kwanza ya mti huu katika maabara haikuhusu kikohozi. Ilihusu viwavijeshi. Mkulima awajua hawa: wakiingia shambani jioni, asubuhi utakuta mabua. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, alianzisha mjini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE. Wajapani wawili, Isao Kubo na Koji Nakanishi, waliofanya kazi na kituo hicho, waliipima miti ya nchi hii ili kuona upi unamfanya kiwavi akatae kula. Magome ya msokonoi yalishinda. Kiwavi aliwekewa jani lililopakwa maji ya gome hilo, akaliacha. Mwaka 1976 walitangaza jina la kitu chenyewe: warburganali. Mwaka 1977 wakatangaza cha pili, muzigadiali. Sikiliza jina hilo vizuri, utaona jinsi linavyofanana na mũthiga. Wakasema pia kwamba vitu hivi viwili vinaua ukungu na hamira, yaani jamaa ya vijidudu wanaoleta maradhi ya utando mweupe kinywani.

Ladha ile ya moto, basi, haikuwa bure. Mti hauwezi kukimbia. Ukivamiwa na wadudu au ukungu hauna mikono ya kujipigania. Silaha yake imo katika gome lake, na mwanadamu aliyeonja gome akaazima silaha hiyo.

4. Hatua za kupima

Tuseme sasa wewe ni msaidizi katika maabara, nawe umeletewa gome ulipime kama linaua bakteria. Utafanya nini?

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha mti. Jina la kienyeji halitoshi, maana jina moja huweza kuitwa miti miwili katika wilaya mbili. Tawi lenye majani na maua hukaushwa, likabandikwa karatasini, likawekwa katika nyumba ya kuhifadhi mimea, kama ile ya Nairobi. Mtu akibisha baada ya miaka 50, tawi litakuwepo kujibu.

Hatua ya pili, gome hukaushwa kivulini, husagwa, kisha unga huloweshwa. Unga mmoja hugawanywa: sehemu moja katika maji, sehemu nyingine katika spiriti au katika methanoli. Sababu ni kwamba vitu vingine ndani ya gome hutoka kwa maji, na vingine havitoki. Mama anayepika anajua: rangi ya manjano ya bizari hupenda mafuta kuliko maji. Methanoli yenyewe ni sumu, basi huachwa iruke yote, yakabaki masalio makavu. Masalio hayo ndiyo yanayopimwa uzito.

Hatua ya tatu ni kisahani. Bakteria wa aina moja hupakwa sawasawa juu ya agari. Viduara vidogo vya karatasi vilivyolowa dawa huwekwa juu yake. Kimoja kina dawa ya gome. Kimoja kina dawa ya hospitali inayojulikana kwamba inaua. Na kimoja kina kile kilichoyeyushia gome tu, bila gome lenyewe. Unawakumbuka wale panya wanne? Kiduara hiki cha tatu ndicho wao. Kama hata hiki kitaacha duara tupu, basi si gome lililoua, ni spiriti. Wahenga walisema, mwamba ngoma huivutia kwake. Kila mmoja hupenda dawa yake ishinde. Ndiyo maana kiduara kile kimewekwa, kimzuie mpimaji asijidanganye.

Kisahani hulala usiku kucha katika joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Asubuhi hutazamwa. Penye bakteria pana utando. Dawa iliposhinda pana duara tupu, na upana wake hupimwa kwa milimita. Kisha kazi yote hurudiwa mara ya pili na ya tatu, kwa sababu jambo lililotokea mara moja laweza kuwa bahati.

Hatua ya nne ni mirija. Duara tupu linaweza kudanganya: dawa nyepesi huenea mbali katika agari, na dawa nzito huganda pale pale ingawa ni kali. Kwa hiyo dawa hutiwa katika mirija ya kioo kwa kupunguza nusu kwa nusu. Tuseme mrija wa kwanza una sehemu 8, wa pili 4, wa tatu 2, wa nne 1. Bakteria huwekwa katika mirija yote. Kesho yake, mirija ambamo bakteria wameongezeka ina maji machafu, na mirija ambamo wamezuiwa ni myeupe. Kama mrija wa 8, wa 4 na wa 2 ni myeupe, na wa 1 umechafuka, basi kiasi kidogo kabisa kinachozuia ni 2. Kadiri kiasi hicho kinavyokuwa kidogo, ndivyo dawa inavyokuwa na nguvu.

5. Gome lilijibu nini?

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Natal, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya kupima mimea 21 inayotumiwa na waganga wa kwao. Ndugu wa kusini wa msokonoi alikuwa mmoja wao. Mpera ulikuwamo, na kishona nguo pia, lile jani lenye vijimbegu vinavyoshika nguo yako ukipita njiani. Gome la isibhaha lilizuia bakteria. Mwaka 2000 watafiti hao wakatenga ndani ya gome hilo kitu kimoja kinachofanya kazi hiyo. Mwaka 2005 wengine walipima magome ya msokonoi wa Ethiopia juu ya bakteria walio jamaa ya wale wa kifua kikuu, na vitu kadhaa ndani yake, muzigadiali ikiwa mmojawapo, vikawazuia.

Lakini jibu halikuwa "ndiyo" moja kwa wote. Mwaka 1884 Mdenmark mmoja, Hans Christian Gram, alipaka bakteria rangi, akaona makundi mawili: wanaoishika rangi ya zambarau na wasioishika. Leo tunajua sababu. Kundi la kwanza lina ukuta mnene, mmoja. Kundi la pili lina ukuta mwembamba, lakini nje yake wana ngozi nyingine ya kujikinga, kama mji wenye boma la pili. Katika vipimo vile vya 1997, dawa nyingi za mimea ziliwashinda wale wa kundi la kwanza, ambao miongoni mwao wamo vijidudu wa majipu na vidonda. Boma la pili lilizipinga nyingi. Chache tu, na isibhaha miongoni mwake, zilipenya kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia gome hili "linaua vijidudu vyote", mwulize: vijidudu gani?

Katika vipimo hivyo vile vile, dawa iliyotolewa kwa methanoli mara nyingi ilikuwa na nguvu kuliko ile ya maji. Nyumbani bibi hutumia nini? Maji. Tufanyeje na habari hii? Huenda bibi humnywesha mtoto maji mengi kiasi cha kutosha. Huenda gome linamfaa mgonjwa kwa njia nyingine, kwa kutuliza koo wala si kwa kuua vijidudu. Na huenda mtoto hupona mwenyewe, kama vikohozi vingi vinavyopona, na gome likasifiwa bure. Kisahani hakiwezi kuchagua kati ya majibu haya matatu. Kinasema tu: ndani ya gome hili mna kitu.

Tena kuna umbali mrefu kutoka kisahani hadi mgonjwa. Hata sabuni na chokaa huua vijidudu katika kisahani, wala hatuvinywi. Dawa ni lazima iue kijidudu bila kumdhuru mtu, ipite tumboni, ifike penye ugonjwa, na ikae muda wa kutosha. Vitu vile vya moto vya msokonoi vinavyomdhuru kijidudu vinaweza kudhuru chembe za mwili wetu pia vikizidi kiasi. Ndiyo maana baada ya kisahani huja wanyama, na baada ya wanyama huja watu waliokubali kwa hiari, chini ya ulinzi wa madaktari.

Basi nakuomba jambo moja, na hili si la mzaha. Kama wewe au jamaa yako anatumia vidonge vya kifua kikuu, msiviache kwa sababu mmesikia leo kwamba msokonoi umeshinda katika kisahani. Mtoto anayepumua kwa shida apelekwe hospitali siku ile ile. Na mgonjwa anayetumia dawa ya mganga amwambie daktari bila kuona haya, kwa kuwa dawa mbili zaweza kugombana mwilini.

6. Mti usife

Tumefika mahali penye uchungu. Ukiukata mti matawi, huota tena. Ukiumenya gome kuuzunguka, hufa. Kwa nini? Chakula cha mti hutengenezwa katika majani kwa nguvu ya jua. Hushuka kwenda mizizini kwa njia iliyo ndani ya gome. Ukilitoa gome pande zote, umekata njia hiyo. Majani yatakaa mabichi kwa muda, nawe utasema mti hauna neno, kumbe mizizi inakufa njaa.

Katika Zimbabwe ndugu wa kusini wa msokonoi alimenywa hata akawa karibu kutoweka kabisa porini, na ikabidi vipandikizi viletwe kutoka Afrika Kusini, wapewe wakulima wavipande. Hata huko Afrika Kusini mti huo umo hatarini. Sifa ya dawa iliuponza mti. Na kila mara maabara inapotangaza kwamba gome fulani lina nguvu, soko husikia, na panga hunolewa.

Lakini maabara ile ile imeleta na shauri jema. Mwaka 2000 na 2001 watafiti wa Afrika Kusini waliyalinganisha majani ya mti huo na gome lake, wakaona kwamba vitu vingi vya namna moja vimo pia katika majani. Jani likichumwa, lingine huota. Hili ni jambo ambalo mganga, mama wa nyumbani na mtaalamu wanaweza kulishika pamoja. Na anayelazimika kuchukua gome achukue ukanda mwembamba upande mmoja tu, asiuzunguke mti. Na apande. Mbegu za msokonoi hazikai sana ghalani. Zipandwe zingali mbichi.

Liko na jambo la haki. Mtaalamu aliyetangaza jina la warburganali anakumbukwa. Nani anamkumbuka mama aliyemwonyesha mgeni wa kwanza mti huu? Mwaka 2010, mjini Nagoya, Japani, mataifa yalipatana kwamba mtu anayetumia mimea ya nchi nyingine na elimu ya wenyeji wake apate kwanza ruhusa, na faida igawanywe kwa haki. Kwetu pia mambo yalikuwa yameanza. Mwaka 1974 huko Muhimbili, Dar es Salaam, kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka 1991 kikafanywa taasisi kamili. Mwaka 2002 Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili. Lakini sheria hulinda kile kinachojulikana. Elimu iliyomo kichwani mwa mzee mmoja tu, ambaye haijaandikwa popote, huzikwa naye.

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mna kazi hapa ambayo profesa hawezi kuifanya. Ninyi mnaijua lugha ya mzee, na sasa mna kalamu.

Maneno mapya

Gome: ngozi ya nje ya mti.
Bakteria: viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho, wengine huleta maradhi, wengine wana faida.
Agari: uji mgumu wa mwani, chakula na makao ya vijidudu katika maabara.
Maabara: chumba cha kupimia na kuchunguzia.
Duara tupu: mahali katika kisahani ambapo dawa imewazuia vijidudu.
Taasisi: nyumba kubwa ya elimu au utafiti.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini panya wanne wa Oxford hawakupewa dawa? Katika kisahani, nani anashika nafasi yao?
2. Jirani anasema: "Nilikunywa gome, siku ya tano nikapona." Ni maswali gani ungemwuliza kabla ya kukubali?
3. Kwa nini mti uliomenywa kuuzunguka hukaa na majani mabichi kwa muda, kisha ukafa?
4. Mrija wa sehemu 4 ni mweupe, mrija wa sehemu 2 umechafuka. Kiasi kidogo kabisa kinachozuia ni kipi?

Kazi ya nyumbani

Mwendee mzee mmoja unayemheshimu. Kwa ruhusa yake, andika jina la mti mmoja wa dawa, mahali unapoota, sehemu inayotumiwa, na jinsi inavyotayarishwa. Andika jina lake mzee mwenyewe juu ya ukurasa, maana elimu ni yake. Kisha mwulize: zamani ulikuwa ukiuchuma mti huu mwendo wa dakika ngapi kutoka nyumbani, na leo ni mwendo wa saa ngapi? Leta jibu hilo darasani juma lijalo. Kwaherini.